Acheni Boliti Ikatike

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Sanya Juu. Huku Maine, Marekani, ilikuwa saa sita za usiku, kwake saa mbili asubuhi, na hakuningoja hata nimpe shikamoo. "Mdogo wangu, giaboksi ya slasha imepasuka. Niulizie huko kwenu bei gani." Nikampa shikamoo yake, kisha nikamwuliza jambo moja tu: pale kwenye shafti inayotoka kwenye trekta kuizungusha slasha, ile mashine ya kufyekea majani, mlikuwa mmefunga boliti gani? Kimya. Nikasikia jogoo, nikasikia pikipiki ikipita. "Ile ya awali ilikuwa inakatika kila siku," akasema hatimaye. "Fundi akatuwekea ya senta, ya springi za lori. Hiyo haijakatika."

Haikukatika kweli. Yalikatika meno ya giaboksi.

Ningemsema, maana hata mdogo ana siku yake ya kumsema mkubwa. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Wiki tatu kabla ya simu hiyo nilikuwa nimelala chali chini ya trekta langu mwenyewe, baridi nyuzi 20 chini ya sifuri, tochi mdomoni, nikitazama fremu ya bapa la kusukumia theluji niliyoipinda kwa dhambi ileile.

Nijieleze kidogo. Nilianza kazi nikiwa utingo wa trekta kwenye mashamba ya ngano na mahindi chini ya Kilimanjaro, baadaye nikawa dereva. Miaka hiyo yote theluji ya Kibo nilikuwa naiona kila asubuhi, meno yamejaa vumbi, na haikunipitia akilini kwamba ipo siku itanidai jasho. Sasa naishi nje kidogo ya Lewiston, katika jimbo la Maine, mji ambao ukiingia dukani Jumamosi hukosi kusikia Kiswahili cha Kongo au cha Burundi. Kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwangu ni mita 120 za kokoto. Theluji ikianguka usiku, asubuhi hutoki mpaka uiondoe, na zamu yangu inaanza saa moja. Mzee jirani, mjane wa miaka themanini na kitu, naye ana mita zake sitini. Hizo pia ni zangu.

Mwaka wa kwanza nilitumia koleo. Mwaka wa pili nikanunua trekta dogo lililotumika, farasi 25, na nikaanza kutafuta bapa la kulifunga mbele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka kumi na mitano ya kuendesha trekta haikuwa imenifundisha kufunga kitu kwenye trekta. Nilikuwa nimezoea kukabidhiwa plau ikiwa tayari nyuma.

Bapa lenyewe ni rahisi kulieleza. Ni karatasi nene ya chuma iliyopindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, kimo chake kinafika gotini, na chini limefungwa ukanda wa chuma kigumu unaobadilishwa ukilika. Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu. Nilipima matairi ya nyuma nje kwa nje nikapata sentimita 137, nikanunua bapa la futi tano, yaani sentimita 152. Nikaona limezidi, basi. Lakini theluji haisukumwi bapa likiwa limenyooka. Unalikunja digrii 30 hivi ili theluji iteleze pembeni, kama greda linavyomwaga udongo kando ya barabara. Bapa la sentimita 152 likikunjwa hivyo linafyeka njia ya sentimita 132 tu. Tairi moja likabaki linakanyaga theluji ambayo bado haijaondolewa, inashindiliwa, inageuka barafu, na kesho yake hata shoka haliitoi. Nikaliuza kwa hasara, nikachukua la futi sita. Likikunjwa linabaki na sentimita 158, na matairi yanapita ndani yake.

Mahali pa kulifunga ndipo watu wa huku wanapogombana. Wengi hulipachika kwenye mikono ya kijiko, pale pale pa kijiko cha kuchotea mchanga: unachomoa pini mbili, unapachika, dakika tano umemaliza. Mimi sikubaliani nao. Mikono ya kijiko imetengenezwa kuinua mzigo uliokaa katikati. Bapa lililokunjwa likigonga kitu kwa ncha yake moja, nguvu yote inakimbilia mkono mmoja, na mkono huo unajipinda kama kiwiko cha mtoto aliyeangukia upande. Njia ya pili ni fremu inayopita chini ya injini na kushikwa kwa pini katikati ya tumbo la trekta. Humo msukumo unapokelewa karibu na matairi yanayosukuma. Tazama mtu anayesukuma daladala iliyokwama: hanyooshi mikono, anaegemeza bega. Nikachagua fremu. Boliti nane, siku nzima ya kulala kwenye sakafu ya banda, na baada ya saa moja ya kazi nikazirudia zote kwa spana, maana boliti mpya hulegea kidogo zikishatikiswa.

Kisha uzito. Bapa na fremu yake ni mzigo mkubwa mbele, na trekta dogo likilemewa mbele matairi ya nyuma yanakosa pa kushika. Nyumbani tulikuwa tunajaza maji kwenye matairi ya nyuma, robo tatu, mambo yamekwisha. Hapa ukijaza maji umejaza barafu. Wengine wanatia maji ya chumvi ya kalsiamu, ambayo hayagandi upesi lakini yanakula ringi. Mimi nilijaziwa maji mazito ya kahawia yanayobaki viwandani baada ya viazi sukari kukamuliwa sukari yake. Nilipomsimulia kaka kwamba matairi yangu yana sharubati ya viazi, alicheka mpaka salio likamwishia. Juu ya hayo nikaning'iniza sanduku la zege kwenye mikono mitatu ya nyuma, nikavisha matairi minyororo, na hapo ndipo trekta likaanza kwenda linakoelekezwa.

Bado kuna kokoto. Mwanzoni mwa Desemba ardhi haijaganda, na makali ya bapa yanachimba. Mwaka ule wa kwanza wa bapa nilihamishia nusu ya kokoto zangu kwenye majani, na mwezi wa nne mimi na mke wangu tulizirudisha kwa reki, yeye akihesabu kila toroli kwa sauti. Bapa lina viatu viwili vya chuma vya kulinyanyua kidogo, lakini kwenye kokoto laini viatu navyo vinazama. Dawa nilionyeshwa na mzee jirani. Unachukua bomba la chuma la inchi mbili na nusu, unalipasua kwa grenda upande mmoja tu kutoka mwisho hadi mwisho, kisha unalivisha kwenye makali ya bapa kama unavyovisha ala kwenye kisu. Bapa linaanza kuteleza juu ya kokoto badala ya kuzichimba. Ardhi ikishaganda unalivua. Lilinigharimu bomba moja na jioni moja ya cheche.

Na usilibonyeze. Kishikio cha haidroliki kina nafasi ya mwisho kabisa ambapo bapa linaachiwa lielee, lipande na kushuka na ardhi kwa uzito wake lenyewe. Dereva mgeni hulikandamiza akidhani atafagia vizuri zaidi. Kumbe anayanyanyua matairi ya mbele, na usukani unageuka pambo.

Sasa tuje kwenye springi, maana hizo ndizo zilizoniponza.

Nyuma ya bapa kuna springi mbili nene kama mkono wa mtoto, zimevutwa kwa nati. Kazi yake ni kulishikilia bapa wima. Makali yakigonga kitu kisichosogea, sehemu ya chini inarudi nyuma, kichwa cha bapa kinainamia mbele kama mtu anayepiga goti, springi zinavutika, bapa linapanda juu ya kile kitu na kukivuka, halafu springi zinalirudisha. Ka! Unasikia mlio, unashtuka, unaendelea na kazi.

Tatizo ni kwamba bapa halitambui jiwe na theluji nzito. Theluji ya mwezi wa kwanza, kukiwa na baridi kali, ni nyepesi kama pamba. Ile inayoanguka joto likikaribia sifuri imelowa, nzito kama ugali wa jana, na ukiikusanya mbele ya bapa springi zinasalimu amri. Bapa linapiga goti, theluji inamwagika chini, unarudi nyuma, unaanza upya. Asubuhi moja lilipiga goti mara tisa kabla sijafika barabarani, na nimeshachelewa zamu. Nikashuka. Nikachukua spana kubwa, nikakaza nati za springi mpaka uzi ukaisha. Baada ya hapo bapa halikuinama tena. Nikasukuma rundo la theluji lenye kimo cha kifua, nikajiona fundi.

Sharti mjue kwamba mawe ya Maine yanaota. Maji yaliyomo ardhini yakiganda yanatanuka, yanalisukuma jiwe juu, na ardhi inajaa chini yake kabla halijarudi. Mwaka hadi mwaka jiwe linapanda. Wakulima wa huku wamejenga kuta za maelfu ya kilomita kwa mawe waliyoyaokota mashambani, na bado yanakuja. La kwangu lilichomoza kwenye kona, karibu na sanduku la barua, kimo cha ngumi mbili, limefunikwa.

Nililigonga nikiwa kwenye kilomita nane kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbilia basi. Si mbio. Lakini trekta, bapa, zege na mimi tulikuwa kama kilo 1,400. Nilipopiga hesabu baadaye niliona kwamba kishindo cha uzito huo kwa mwendo huo ni sawa na kuangusha mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka mita saba. Kishindo hicho lazima kiishie mahali. Springi zilikuwa zimetengenezwa kukimeza, nami nilikuwa nimezifunga mdomo. Kikapita kwenye bapa, kikaingia kwenye fremu, mkono wa kulia wa fremu ukapinda, na tundu la pini lililokuwa duara likawa umbo la yai. Kilichobaki kilinifikia kifuani kupitia usukani. Springi mbili mpya zingenigharimu matumizi ya siku mbili. Fremu ilikula mshahara wa wiki.

Kwa hiyo nilikuwa na la kumwambia kaka, na ndilo ninalotaka kuwaambia wenye matrekta, hasa vyama vya ushirika na vikundi vinavyojikusanya kununua trekta moja: mnauliza maswali yote isipokuwa la maana. Mnauliza farasi ngapi. Mnauliza linakunywa dizeli kiasi gani kwa ekari. Sijasikia mkutano ukiuliza: tukigonga kisiki, kitakachovunjika kwanza ni kipi, na kinauzwa wapi?

Swali hili si la kisasa. Harry Ferguson, yule mtu wa Ireland ambaye jina lake bado liko kwenye matrekta mekundu yaliyojaa mashambani kwetu, alilitafutia jibu tangu miaka ya 1920. Matrekta ya wakati ule yalikuwa yakivuta plau kwa mnyororo au ndoano. Plau ikikwama, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Ferguson akabuni mikono mitatu ya nyuma inayotumia haidroliki, hiyo hiyo tunayofungia plau na haro mpaka leo. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, na mwaka uliofuata trekta la Ford lenye mikono hiyo likatoka. Watu husifu jinsi mikono ile inavyoyapa matairi uzito. Mimi nasifu upande wa pili: plau ikigonga kisiki kilichofichika, mfumo ule unauondoa uzito kwenye matairi ya nyuma, yanazunguka mahali pamoja, na trekta linabaki limesimama likiwa zima. Ferguson aliyapa matairi kazi ya kushindwa. Na hakutengeneza kitu legelege: matrekta yake madogo, yakiwa yamefungwa mikanda kuzunguka magurudumu, ndiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958, na huko theluji si ya mita 120.

Kinyume chake wazee wa Kongwa, katikati ya Tanzania, walikiona. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo ya kila aina kulima karanga, mingine ilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Nguvu ilikuwepo ya kutosha. Mibuyu na udongo ule unaokauka kama tofali vikaifundisha adabu, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ulikuwa na makosa mengine mengi, lakini hilo la kuamini chuma kigumu kuliko ardhi linanigusa mimi binafsi.

Boliti ya kukatika kwenye slasha ni springi ya maskini. Imewekwa pale ifie wengine. Ukitazama kichwa cha boliti ya milimita utaona namba mbili zenye nukta kati yake: 4.6, 8.8, 10.9. Ile ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ambayo chuma hicho kinahimili kabla hakijakatika kwa kuvutwa, kwa kipimo cha megapaskali. Kwa unene uleule, boliti ya 10.9 inashinda ya 4.6 kwa mara mbili na nusu. Kwa hiyo fundi anayeitoa laini na kuweka ngumu hajaimarisha mtambo. Amehamisha mahali pa kuvunjikia, kutoka kwenye kitu unachokinunua kwa sarafu za mfukoni hadi kwenye kitu kinachohitaji simu ya Marekani. Wala sisemi kila boliti iwe laini kupindukia. Kitabu cha mtambo kinataja namba yake, mingine inataka 8.8, na ukiweka chini ya hapo itakatika bure na dereva atakata tamaa.

Na dereva ndiye mwenye ufunguo. Najua mtanijibu kwamba msimu haungoji, na fundi si mjinga. Kweli si mjinga. Nimekuwa dereva wa kulipwa kwa ekari. Boliti ikikatika unasimama nusu saa juani, mwenye shamba anatazama saa, mwenye trekta anapiga simu, na malipo yako hayaongezeki kwa sababu umeiokoa giaboksi ya mtu. Giaboksi ikipasuka, hasara ni ya tajiri na wewe unapumzika. Nani asingefunga ya lori? Duka nalo linauza boliti kutoka kwenye ndoo moja, zenye namba na zisizo na namba, bei moja. Kwa mpangilio huo hata mimi ningerudia.

Basi wanaonunua trekta wabadilishe mpangilio. Boliti mia moja za namba iliyoandikwa kwenye kitabu, springi za akiba na pini ziingie kwenye ankara ileile ya trekta, kabla ya redio na kabla ya kivuli cha dereva. Wauza spea watenganishe ndoo. Na dereva anayerudi jioni na boliti tatu zilizokatika mfukoni alipwe muda wake wa kusimama, kwa sababu amefanya kazi mara tatu zaidi ya yule aliyerudi na slasha iliyokufa. Kikundi kikiona hilo ni ghali, kiulizie bei ya giaboksi.

Fremu yangu imenyooshwa na kuchomelewa, ina kovu. Springi zimerudi kwenye kipimo chake. Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilipita kwenye ile kona nikiwa nimelisahau kabisa lile jiwe. Ka! Bapa likapiga goti, likavuka, likasimama. Nikashuka nikachomeka kijiti cha rangi ya chungwa kwenye theluji pembeni yake.

Kaka alipata giaboksi iliyotumika, Arusha. Juzi alinitumia picha: kiganja chake cheusi kwa grisi, juu yake vipande viwili vya boliti. Chini ameandika, "Imekatika tena, ya pili leo."

Nikamjibu, "Hongera kaka."

"Unanicheka?"